Darasani, mubashara kwa intaneti, au kwa kasi yako mwenyewe: ulinganisho wa njia za kukamilisha saa za mafunzo kabla ya kuhuisha leseni ya ukandarasi wa umeme Marekani

Anayefanya kazi ya ukandarasi wa umeme nchini Marekani hukutana na sharti lilelile kila baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, kutegemea jimbo lililompa leseni. Katika majimbo mengi, kabla leseni haijahuishwa, ni lazima ithibitike kwamba idadi maalumu ya saa za mafunzo endelevu imekamilishwa katika kozi zilizoidhinishwa na mamlaka ya jimbo hilo. Saa hizo hupatikana kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kukaa darasani mbele ya mwalimu. Ya pili ni darasa la mubashara kupitia intaneti, ambapo mwalimu na wanafunzi hukutana kwa wakati mmoja ingawa kila mtu yuko kwake. Ya tatu ni kozi iliyorekodiwa au kuandikwa, ambayo mtu huisoma kwa kasi yake, usiku au alfajiri, bila kumsubiri yeyote. Zote tatu huishia kwenye cheti kinachofanana, na hapo ndipo makosa huanzia, kwa kuwa vyeti vikifanana mtu haoni sababu ya kuiacha njia rahisi kuliko zote.

Nimezitumia zote tatu kwa nyakati tofauti, na msimamo wangu ni kwamba saa za kanuni za umeme zitafutiwe mwalimu unayeweza kumuuliza swali na kumbishia, wakati saa za sheria za jimbo, fidia ya wafanyakazi na uendeshaji wa biashara zinaweza kusomwa peke yako bila hasara yoyote. Msimamo huu haumfai kila mtu, na hali ambazo haufai nitazitaja zinapostahili.

Deni lako ni la saa ngapi, na za aina gani

Huwezi kulinganisha njia za kusoma kabla ya kujua unadaiwa nini, kwa sababu hakuna sheria moja ya nchi nzima. Florida hudai saa 11 katika kila kipindi cha miaka miwili, saa moja ya darasa ikihesabiwa kuwa ni dakika zisizopungua 50. Angalau saa 7 ni za mambo ya kiufundi, na zinazobaki hugawanywa katika maeneo kama fidia ya wafanyakazi, usalama kazini na uendeshaji wa biashara. Minnesota hudai saa 16 kwa miaka miwili, na 12 kati ya hizo ni za Kanuni za Taifa za Umeme, zinazojulikana kwa herufi NEC. Massachusetts hudai saa 21 kwa miaka mitatu, 15 zikiwa za kanuni na 6 za mada ambazo fundi hujichagulia. Washington hudai saa 24 kwa miaka mitatu, na humo zimo saa 8 za mabadiliko ya NEC na saa 4 za sheria na taratibu za jimbo lenyewe. Texas, ambako leseni hudumu mwaka mmoja tu, hudai saa 4 kila mwaka, zinazogusa NEC, sheria za jimbo, na usalama kwa mujibu wa NFPA 70E, yaani kiwango cha usalama wa umeme mahali pa kazi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kutotofautisha leseni ya kampuni na leseni ya fundi anayeibeba kampuni hiyo. Texas haidai saa za mafunzo kwa leseni ya ukandarasi yenyewe; anayedaiwa ni fundi mkuu ambaye jina lake limeandikishwa chini ya kampuni, na leseni yake ikilala, kampuni nayo haina miguu ya kusimamia. California imekwenda mbali zaidi katika kutenganisha mambo haya mawili: mkandarasi mwenye leseni ya daraja la C-10, ambalo ndilo la ukandarasi wa umeme huko, huihuisha kila baada ya miaka miwili bila kudaiwa saa hata moja, lakini fundi wa jumla aliyethibitishwa na jimbo hudaiwa saa 32 za mafunzo pamoja na saa 2,000 za kazi halisi ndani ya miaka mitatu. Yako pia majimbo kama Illinois na Pennsylvania ambayo hayatoi leseni ya fundi umeme katika ngazi ya jimbo, na huko masharti hutoka kwa jiji au mji unaofanyia kazi. Kwa hiyo, kabla hujalipia kozi yoyote, chukua leseni yako mkononi, soma jina la mamlaka iliyoitoa, kisha uyasome masharti ya mamlaka hiyohiyo. Usiyachukue kwa mwenzako, hata kama mnafanya kazi gari moja, kwa sababu aina ya leseni yake huenda si ya kwako.

Angalia tena zile namba. Katika majimbo mengi niliyoyataja, sehemu kubwa ya saa ni za kanuni au za kiufundi. Hilo lina sababu. NEC hutolewa toleo jipya kila baada ya miaka mitatu, na kila toleo huja na mabadiliko yanayomgusa fundi moja kwa moja pale anapofunga soketi au anapobadilisha paneli, yaani kisanduku cha breka kinachogawa umeme wa jengo. Toleo la 2020 lilileta sharti la swichi ya dharura ya kukata umeme nje ya nyumba za familia moja au mbili, na sharti la kifaa cha kukinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla kwenye nyumba za kuishi. Toleo la 2023 lilipanua ulinzi wa soketi za jikoni, likaacha kuhesabu zile za juu ya meza ya kazi peke yake, na likaongeza vifaa kama jiko la umeme na mashine ya kukaushia nguo kwenye orodha ya vinavyohitaji kinga ya umeme unaovuja, yaani kile kifaa kinachokata umeme uvujaji ukifika kati ya miliampia 4 na 6. Aliyehitimu miaka ishirini iliyopita na asisome tena anafanya kazi kwa kanuni zilizokwisha kufa.

Darasani

Naanza na darasa, nalo nitalikalia muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya njia hizi huonekana kwa macho.

Kipengele cha NEC kinachohusu swichi ya dharura ya nje ni 230.85. Nilikisoma mara ya kwanza katika kozi ya kujisomea, nikajibu maswali yake matatu kwa usahihi, nikaendelea na ukurasa uliofuata nikiamini nimeelewa. Miezi michache baadaye nilikaa darasani kwa ajili ya leseni nyingine, na fundi mmoja akainua simu yake kuonyesha picha ya kazi aliyokuwa ameimaliza wiki ile: nyumba ya zamani, mita mpya, swichi mpya kubwa ukutani nje, na paneli ya zamani ndani ya gereji ikiwa haijaguswa. Mwalimu aliitazama picha, kisha akamuuliza swali moja tu: "Ile swichi ya nje umeiandika nini?"

Hakuwa ameandika kitu. Mwalimu akachora ubaoni. Kama swichi ya nje ndiyo kikatio kikuu cha umeme unaoingia nyumbani, basi ile paneli ya gereji, ambayo kwa miaka yote ndiyo ilikuwa kuu, sasa imegeuka kuwa paneli ndogo inayolishwa na nyingine. Paneli ikishakuwa ndogo, waya wa nyutro na waya wa ardhi haviruhusiwi tena kukutana ndani yake. Skrubu inayoviunganisha huondolewa, nyaya za ardhi hupewa reli yake, na kebo inayotoka nje kwenda ndani hulazimika kuwa na nyaya nne, wakati iliyokuwepo ilikuwa na tatu. Njia ya kuepuka kazi hiyo ipo kwenye kanuni: kifaa cha nje kinaweza kuwa cha kukatia umeme wakati wa dharura bila kuwa kikatio kikuu, mradi kiwe cha aina inayoruhusiwa na kiwe na maandishi yanayosema hivyo. Tofauti kati ya kazi halali na kazi ya kurudiwa, kwenye picha ile, ilikuwa lebo, kebo na skrubu moja ya kijani.

Mjadala ule ulichukua karibu nusu saa. Watu walipingana, mmoja akafungua kitabu chake kusoma maandishi yenyewe kwa sauti, mwingine akaeleza jinsi mkaguzi wa mji wake anavyolitazama jambo hilo. Mimi nilikuwa nimeshajibu maswali matatu sahihi kuhusu kipengele hichohicho na sikuwa nimeliona tatizo. Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba kujibu swali la kuchagua herufi ni sawa na kuelewa kanuni.

Hilo ndilo darasa linaloweza kutoa: kosa la mtu mwingine, likiwa bado bichi, mbele ya watu wanaofanya kazi ileile. Mwalimu mzuri anajua mkaguzi wa eneo hilo hukataa nini, na anajua mahali ambapo maandishi ya kanuni hayako wazi, akakwambia hivyo bila kujificha. Tena darasani hujuana watu. Fundi mkuu anayetafuta msaidizi na msaidizi anayetafuta mahali pa kukaa hukutana wakati wa mapumziko.

Gharama ya darasa nayo haifichiki. Ada yake mara nyingi ndiyo kubwa kuliko njia zote, na juu ya ada kuna siku nzima ya kazi iliyopotea, mafuta ya gari, na pengine malazi kama darasa liko mbali. Kwa mkandarasi anayefanya kazi peke yake, siku mbili za darasa ni siku mbili ambazo hakuna anayeingiza fedha. Zaidi ya hapo, darasa lina ubora wa mwalimu wake tu. Nimewahi kukaa saa nane mbele ya mtu aliyesoma slaidi zake neno kwa neno, na siku ile ingekuwa afadhali kubaki nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza nani anafundisha, amefanya kazi ya aina gani, na kama kuna muda wa maswali. Mtoa mafunzo asiyeweza kukutajia jina la mwalimu amekwishakujibu.

Mubashara kwa intaneti

Njia hii iko katikati, na kwa mkandarasi anayeishi mbali na miji mikubwa mara nyingi ndiyo chaguo lake la kweli. Mwalimu yupo, maswali yanaulizwa, na saa nne za jioni mbili zinaweza kukamilisha sehemu kubwa ya deni bila kupoteza siku ya kazi. Unaweza pia kumpata mwalimu bora aliye upande wa pili wa jimbo, jambo ambalo darasa la kawaida halikupi.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba watu hawasemi. Darasa la watu thelathini waliozima kamera ni ukimya mtupu, na picha kama ile ya paneli ya gereji haionyeshwi na mtu yeyote, kwa sababu ni vigumu kukiri kosa mbele ya masanduku meusi yenye majina. Ukichagua njia hii, wewe mwenyewe ndiwe unayepaswa kuleta swali. Liandike kabla, pamoja na picha, na ulipeleke mwanzoni. Udhaifu wa pili ni wa kiufundi: muda huhesabiwa kwa jinsi ulivyokuwa umeunganishwa, na mtandao ukikatika katikati ya kipindi unaweza kujikuta saa zako zimepungua. Uliza mapema wanafanyaje hilo likitokea. Usidhani kwamba kutazama rekodi baadaye kutahesabiwa, maana kuna majimbo yanayoitenganisha kabisa kozi ya mubashara na kozi iliyorekodiwa.

Kwa kasi yako mwenyewe

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi, na sababu zinaeleweka. Mara nyingi ni ya bei nafuu, haina ratiba, na mtu anaweza kusoma saa moja baada ya watoto kulala. Kwa baadhi ya saa ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Sheria ya fidia ya wafanyakazi, wajibu wa mwajiri, taratibu za mamlaka ya leseni, namna ya kuandika mkataba: mambo haya yameandikwa, hayabadiliki kwa sababu ya paneli iliyopo mbele yako, na ukiyasoma polepole ukiwa peke yako unaweza kurudi nyuma mara tatu kwenye aya ngumu. Darasani mwalimu huzipitisha saa hizi haraka kwa kuwa kila mtu anasubiri kurudi kwenye umeme.

Tatizo huja kwenye saa za kanuni. Kozi nyingi za aina hii zina saa pembeni ya ukurasa inayohesabu dakika, na kitufe cha kuendelea hakifunguki mpaka dakika ziishe. Fundi aliyechoka huacha ukurasa wazi, akaenda kula, akarudi kubonyeza. Mwishoni kuna jaribio analoruhusiwa kulirudia hadi apite. Hakuna sheria iliyovunjwa, na cheti ni halali, lakini miezi sita baadaye anasimama mbele ya jiko la umeme akifunga breka ya kawaida kwenye jimbo ambalo kanuni yake imeshadai breka yenye kinga ya uvujaji, na anakuja kuambiwa na mkaguzi kile alichokwisha kulipia kuambiwa.

Hata hivyo zipo kozi za kujisomea zilizo nzuri kweli, na zinapimika. Kipimo changu ni hesabu. Tafuta kwenye maelezo ya kozi, au kwenye sehemu ya majaribio ya bure, kama inakufanyisha kazi ya kukokotoa. Kwa mfano, kwa toleo la 2023, nyumba yenye futi za mraba 2,000 huhesabiwa voltiampia 3, kipimo cha mzigo wa umeme, kwa kila futi ya mraba kwa ajili ya taa na soketi za kawaida, yaani voltiampia 6,000. Ongeza sakiti mbili za vifaa vidogo vya jikoni, kila moja 1,500, na sakiti ya kufulia ambayo nayo ni 1,500, utapata 10,500. Katika hizo, 3,000 za kwanza huchukuliwa zote, na 7,500 zinazobaki huchukuliwa kwa asilimia 35, yaani 2,625; mzigo wa sehemu hiyo basi ni voltiampia 5,625. Kozi inayokupitisha kwenye hesabu kama hii hatua kwa hatua, ikakuonyesha ulipokosea, inastahili ada yake. Kozi inayokuuliza tu "hesabu ya mzigo iko kwenye kipengele cha ngapi" ni ya kukusanya saa.

Kozi sahihi ya toleo lisilo lako

Kuna hatari moja inayovuka njia zote tatu, ingawa huwapata zaidi wanaonunua kozi kwenye intaneti, nayo ni kusomea toleo la kanuni ambalo jimbo lako halilitumii. NEC haiwi sheria kwa kuchapishwa. Huwa sheria pale jimbo au mji unapoipitisha, na kila mmoja huipitisha kwa wakati wake na kwa marekebisho yake. Texas ilianza kutumia toleo la 2023 tarehe 1 Septemba 2023. Florida, katika kanuni zake za ujenzi zilizoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2023, ilibaki na toleo la 2020. California iliingia mwaka 2026 na kanuni zake za umeme zilizojengwa juu ya toleo la 2023, baada ya miaka mitatu ya kutumia zilizojengwa juu ya lile la 2020. Mkandarasi mwenye kazi katika majimbo mawili anaweza basi, katika wiki moja, kuwa na jikoni mbili zinazofanana kabisa lakini zinazodaiwa ulinzi tofauti.

Kwa mtu wa namna hiyo ushauri wangu unabadilika. Mwalimu wa darasani katika jimbo moja atazungumzia jimbo lake, na ndivyo inavyopaswa. Lakini kozi iliyoidhinishwa huko haihesabiki moja kwa moja kwingine, maana idhini hutolewa na kila jimbo kivyake. Afadhali achukue darasa katika jimbo analofanyia kazi nyingi zaidi, kisha kwa jimbo la pili achukue kozi ya kujisomea iliyoidhinishwa huko, akiisoma huku ameweka maelezo ya darasa pembeni na kuandika kila mahali matoleo mawili yanapotofautiana. Kazi hiyo inachosha, lakini ukurasa mmoja wa tofauti uliouandika kwa mkono wako na kuubandika kwenye mlango wa gari utakuokoa kuliko vyeti vyote viwili.

Kozi za watengenezaji wa vifaa, zile za asubuhi moja kwenye duka la jumla pamoja na kifungua kinywa, ni nzuri kwa kujua breka mpya inafungwaje, lakini huhesabika tu pale zilipopata idhini ya mamlaka. Uliza namba ya idhini. Vilevile mafunzo ya usalama ya NFPA 70E, ambayo kiwango chenyewe kinataka yarudiwe ndani ya muda usiozidi miaka mitatu kwa wafanyakazi wanaokabiliwa na hatari za umeme, ni wajibu wa mwajiri kwa wafanyakazi wake, na ukiyafanya hujalipa deni la leseni isipokuwa kozi hiyo imeidhinishwa kwa madhumuni hayo pia.

Mapema au mwishoni

Njia unayochagua hutegemea pia muda uliobaki, na hapa wengi hujinyima chaguo wenyewe. Leseni za Florida huisha tarehe 31 Agosti ya kila mwaka wenye namba shufwa, na zile za Massachusetts huisha tarehe 31 Julai ya mwaka wa tatu. Hiyo ni miezi ya joto, wakati ambao viyoyozi huharibika na simu za wateja hazikomi. Aliyesubiri mpaka wiki mbili za mwisho hana tena nafasi ya kuchagua darasa, kwa kuwa madarasa yamejaa au yako mbali, na anabaki na kozi ya usiku ya kujisomea, saa 11 kwa siku mbili, akiwa amechoka. Nimeona mtu akikamilisha hivyo. Alipata cheti, na sidhani kama alipata kitu kingine.

Katika kipindi cha miaka miwili au mitatu, napendekeza saa za kanuni zichukuliwe mwanzoni, mara jimbo linapopitisha toleo jipya, ili faida yake itumike kwenye kazi za kipindi kizima. Saa za sheria na biashara zinaweza kusubiri hadi mwaka wa mwisho, kwa sababu zikisomwa karibu na tarehe ya kuhuisha ndipo zinapokuwa na taarifa mpya zaidi. Kwa Texas, yenye saa 4 kila mwaka, suala hili halina uzito. Jioni moja ya mubashara inatosha, na ningeichagua hiyo kuliko kujisomea, kwa kuwa tofauti ya muda ni ndogo mno.

Kwa hali yako

Kama unafanya kazi peke yako na kazi zako ni nyumba za watu, chukua darasa au mubashara kwa saa za kanuni, hata kama ni kwa taabu, kwa sababu huna mwenzako wa kukurekebisha kazini. Wewe ndiye unayehitaji darasa zaidi kuliko mtu yeyote, ingawa ndiye linayemuumiza zaidi mfukoni.

Kama una kampuni yenye mafundi watano au sita, hesabu hugeuka. Kumleta mwalimu aliyeidhinishwa ofisini kwako siku moja ya Jumamosi kunaweza kugharimu chini ya kuwatuma wote nje, na mjadala utakuwa juu ya kazi zenu wenyewe. Hakikisha tu kwamba kozi imeidhinishwa kwa kila aina ya leseni iliyomo chumbani, maana saa zinazomfaa fundi aliyehitimu huenda zisimfae fundi mkuu.

Kama kazi yako ni ya viwanda au majengo makubwa, chunguza mada kabla ya kuchunguza njia. Kozi nyingi za mabadiliko ya kanuni hutumia muda mwingi kwenye nyumba za kuishi, na mkandarasi wa mota na transfoma anaweza kumaliza saa 8 bila kusikia jambo linalomgusa. Kwake yeye kozi ya kujisomea iliyojikita kwenye fani yake ni bora kuliko darasa zuri la jikoni na gereji, na hapa ndipo msimamo niliouanza nao unapovunjika waziwazi.

Na kama umekwishachelewa, tafuta kozi iliyoidhinishwa yoyote inayokupa saa kwa wakati, uhuishe leseni, kisha mwaka unaofuata ukae darasani kwa hiari yako. Kufanya kazi huku leseni imekwisha muda ni kosa kubwa kuliko kozi mbaya, kwa sababu ofisi ya vibali hutazama leseni yako kwanza kabla haijatazama mchoro wako, na bima inaweza kukukimbia siku unayoihitaji.

Ukimaliza, usilipe ada ya kuhuisha siku hiyohiyo. Florida na Texas, mtoa mafunzo ndiye anayepeleka taarifa za saa zako kwa mamlaka, na tarakimu moja iliyokosewa kwenye namba ya leseni huzipeleka saa zako kwa mtu mwingine. Ingia kwenye ukurasa wa mamlaka, andika namba yako, tazama kama saa zimeonekana na kama zimepangwa kwenye aina zake sahihi, kisha ndipo ulipe. Nakala ya cheti iweke mahali unapoweka mikataba, na nyingine kwenye simu, pamoja na jina la mwalimu na toleo la kanuni ulilofundishwa.